Koti la Mikono Mitatu

Mume wangu Stanislas anashona nguo mtaani Kamalondo, kwenye kibaraza cha nyumba yetu, na kama umewahi kupita pale umesikia sauti ya cherehani yake, si sauti yake mwenyewe. Nimezaa naye watoto, nimewalea mpaka wakaoa na kuolewa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniita kwa jina langu. Mimi ni Mama Abigaïl, kwa sababu ya binti yetu wa kwanza. Chai ikiwa na sukari kidogo, anasukuma kikombe mbele kwa kidole. Chai ikiwa nzuri, hasukumi kitu. Simshauri msichana yeyote aolewe na mwanaume wa namna hiyo, lakini mimi nilikuwa nimeshazoea.

Ndiyo maana mwezi wa tisa, jacaranda zilipoanza kumwaga maua barabarani, Stanislas alipoinua kichwa kutoka kwenye kitambaa na kusema, "Virginie, leo uko muzuri," niligeuka kutazama ni Virginie gani huyo aliyeingia uani kwangu.

Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu wiki kadhaa. Jioni alipata homa ndogo, isiyo na haya, inayokuja na kuondoka inavyotaka. Tulisema ni malaria, kwa kuwa hapa kwetu kila kitu ni malaria mpaka kikuue. Akameza dawa za malaria, akamaliza, kichwa kikabaki palepale. Suruali zake zilianza kumlegea kiunoni akazipunguza mwenyewe kwa cherehani, kimya kimya. Mimi niliona, nikadhani ni joto. Nani anakula vizuri kwenye joto la kabla ya mvua?

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana asiyetoka upande wa ziwa Mweru ataniona mjinga. Stanislas alizaliwa Pweto, na ni mtu wa ukoo wa Chui. Mimi na mama yangu ni wa ukoo wa Mbuzi. Chui na Mbuzi ni watani tangu enzi za mababu. Chui ana ruhusa ya kumwambia Mbuzi neno lolote, hata mbele ya maiti, hata akimnyang'anya nyama mdomoni, na Mbuzi akinuna ndiye anayetozwa faini ya pombe. Lakini Stanislas alikuwa Chui asiye na meno. Jirani yetu Kalaba, Mbuzi kama mimi, alikuwa akipita kila asubuhi na kupiga kelele, "Bonjour, Chui ya plastiki!" Stanislas alikuwa akiendelea kukanyaga pedali ya cherehani.

Mwezi ule akaanza kujibu. "Bonjour, supu yangu," alisema siku moja, na Kalaba akasimama katikati ya barabara kama aliyeguswa na umeme, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake Stanislas alimuuliza mbele ya wateja kama mke wake anamfunga kamba usiku. Habari zilizunguka Kamalondo nzima. Mbuzi walitoka mitaa ya mbali kuja kutukanwa, wakaleta viti vyao wenyewe. Watu waliniambia, Mama Abigaïl, hatimaye Chui wako ameamka. Nilifurahi. Kwa nini nisifurahi? Nyumba iliyokuwa na ukimya wa kanisa siku ya Jumatatu ilikuwa imejaa vicheko.

Halafu kukaja lile koti. Kalaba alikuwa ameagiza koti la buluu la kuvaa kwenye harusi ya dada yake. Stanislas alilishona siku nzima, jicho moja amelifunga, tabia aliyoanza siku zile. Wanawake walidhani anawakonyeza na wengine walikonyeza pia, nikawatazama wakaacha. Alipolitundika tukaona lina mikono mitatu, mmoja kulia, miwili kushoto. Mshono ulikuwa safi kabisa, bitana imekaa, vifungo vipo hata kwenye ule mkono wa ziada.

Kalaba alilishika, akalizungusha.

"Mbuzi iko na miguu ine," Stanislas akamwambia. "Kitambaa njo ilipunguka."

Kalaba alilivaa koti lile Jumamosi, akaenda nalo baa, mkono wa tatu ukining'inia, na wakamnunulia bia mpaka akashindwa kurudi kwa miguu yake. Hakuna aliyeuliza fundi wa miaka mingi anashonaje mkono mahali pasipo na bega.

Jioni hiyohiyo nilikuwa nachambua samaki wangu wakavu wa kuuza sokoni, Stanislas akanitazama kwa muda mrefu. Jua lilikuwa jekundu kwa vumbi, na kila kitu uani kilikuwa na rangi ya embe lililoiva.

"Niko naona bintu bibili-bibili," akasema. "Nikifunga liso moja, inakuwa kimoja. Nikifungua, bibili."

"Ni miwani ya kusomea unahitaji, Baba Abigaïl."

"Wewe pia. Niko naona ba Virginie bawili. Moja iko muzuri. Ingine iko muzuri kupita."

Niliona haya kama msichana. Mikono yangu ilinuka samaki.

"Na ulioa gani?" nikamuuliza.

"Ule wa kushoto," akajibu palepale, bila kufikiri, kama mtu anayetaja bei ya kufupisha suruali.

Sikulala vizuri kwa furaha. Niseme wazi, kwa sababu wengine watasema nilipaswa kuogopa. Fundi cherehani ni mtu ambaye mke wake anavaa nguo zilizochanika, hilo linajulikana, lakini wiki ile alinishonea libaya, yaani blauzi, la maua ya njano. Alinipima kwa mikono yake, si kwa futi, kiganja kwa kiganja kutoka begani mpaka kiunoni, akiimba chini kwa chini wimbo wa wanawake wanaoanika samaki kule Pweto. Libaya lilitoka upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Nililivaa hivyohivyo, nikaenda nalo sokoni, na aliyecheka nilimpandishia bei.

Siku za joto kali zikafika, zile ambazo mbingu inajaa mawingu na haitoi kitu. Stanislas alianza kuona maji. Mchana mmoja alisimama mlangoni, ameshika ukingo wa mlango, akatazama uani ambako hapakuwa na tone.

"Virginie, inua kikwembe," akaniambia kwa upole. "Mayi ya Mweru imefika. Utalowa."

Nilitazama chini. Kulikuwa na vumbi, ganda la ndizi, ndala yangu. Lakini alisema kwa sauti ya mtu aliyerudi nyumbani, na sikutaka kumkatia. Nikainua kikwembe, kitenge nilichojifunga, mpaka magotini. Akanishika mkono, tukavuka uani polepole, yeye akinionyesha palipo na kina na palipo na mchanga, mpaka tukafika kwenye ukuta wa jirani. Naapa nilisikia ubaridi kwenye vifundo vya miguu. Tulisimama pale, watu wawili wazima wameinua nguo chini ya jua, na yeye akaniambia majina ya samaki waliokuwa wanapita kati yetu. Nilitamani mchana ule usiishe.

Jumapili mama yangu alikuja kutoka mtaa wa Katuba.

Mama yangu anaitwa Ngosa, na kwa Stanislas alikuwa mtu asiyetazamwa. Mkwe kwetu haoni uso wa mama wa mkewe, hali naye, hamtaji jina. Kuna sherehe ya chakula inayolegeza mwiko huo, na tulishaifanya zamani, kuku mzima na sinia la ugali, bukari yetu, lakini Stanislas aliendelea kama ilivyokuwa. Mama akija, yeye alichuchumaa mbali, akapiga makofi mawili ya salamu macho yakiwa chini, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Hata utani wa Mbuzi na Chui ulikoma hapo. Ungeutania ukoo mzima, si mama mkwe.

Nilikuwa nimemtengea mama bukari na kichwa cha samaki kwenye mkeka. Kalaba alikuwepo, amevaa koti lake. Stanislas alitoka ndani akiyumba kidogo, akaja moja kwa moja, akaketi kwenye mkeka ule, goti lake likagusa goti la mama yangu. Akatia mkono kwenye sahani yake, akanyanyua kile kichwa cha samaki.

"Wee Mbuzi muzee," akasema, "nani alikupatia hii?"

Kalaba alianza kucheka, akaufunga mdomo. Nilitaka ardhi inimeze. Nilifikiria kurudi nyumbani kwa mama, faini, mbuzi wa kuomba radhi, aibu itakayotembea kutoka Kamalondo mpaka Pweto. Nikapiga magoti, nikaanza kuomba msamaha.

Mama hakunisikiliza. Alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aniozeshe. Aliinua macho akamtazama mkwe wake usoni, kwa muda mrefu, jicho moja kisha jingine. Mimi nilikuwa nimemtazama kila siku nikiona mume aliyefunguka. Yeye aliyemwona kwa mara ya kwanza aliona jicho la kushoto limegeukia puani.

"Virginie," akasema, "huyu haiko mukwe yangu."

"Mama, ni michezo tu. Siku hizi eko nacheza na Bambuzi bote."

"Michezo iko na mupaka. Mukwe yangu atakufa na njaa mbele ya kugusa sahani yangu. Hata akilewa. Huyu muntu eko mugonjwa. Kalaba, simama, tafuta taxi! Na toa hiyo koti, uko nanitia hasira."

Kabla taxi haijafika Stanislas alitapika chakula chote. Njiani shingo yake ilikuwa ngumu kama ubao, na kila shimo la barabara lilimfanya aungurume. Tulipofika hospitali alikuwa amelala usingizi ambao ukimwita anaitikia kutoka mbali, halafu anarudi kulekule.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, Docteur Keren, macho yake yamechoka kuliko umri wake. Alijaribu kuinamisha kidevu cha Stanislas kifuani na mgongo mzima ukainuka nacho. Akasema anataka kutoa maji ya mgongo. Hapo tuligombana, kwa sababu kila mtu Kamalondo anamjua mtu aliyetolewa maji ya mgongo akafa. Aliniacha nipige kelele mpaka nikamaliza.

"Mama, bale bantu balikuwa bameshachelewa," akasema. "Haiko sindano njo iliwaua."

Nikakubali. Maji yenyewe yalikuwa meupe, ya kudanganya, ungeyanywa. Alipoleta majibu alisema ni tibi, kifua kikuu, imeingia kwenye kichwa.

"Tibi?" nikamwambia. "Hakohoe! Hata siku moja hakukohoa!"

Akaketi kando yangu kwenye benchi. Akasema kile kijidudu kinaingia kwa pumzi, ndiyo, lakini wakati mwingine kinapita kwenye damu na kwenda kujificha kwenye ngozi nyembamba inayofunika ubongo. Kinaweza kulala huko miaka mingi. Kikiamka, ngozi ile inavimba, maji yanajaa, na mishipa inabanwa. Ukibanwa mshipa wa jicho, mtu anaona vitu viwili-viwili. Ikibanwa sehemu nyingine, mtu anaacha kujizuia, anasema asichosema, anaona visivyopo. Asipotibiwa anakufa. Akitibiwa, dawa ni za mwaka mzima, na baadaye macho au miguu inaweza kubaki na kasoro.

Niliuliza swali langu nikitazama sakafu.

"Na maneno muzuri yenye aliniambia? Ile pia ni tibi?"

Docteur Keren hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

"Sijue, mama. Ugonjwa inakata breki. Kama gari ilikuwa inataka kwenda kule, ile siwezi kuona na mashini."

"Na akipona?"

"Akipona, breki inarudi."

Hivyo nilijua nilichokuwa nakiomba nilipoomba apone. Nilimwombea hata hivyo. Nilimwombea kwa hasira, rozari mkononi, nikimwambia Bikira Maria kwamba si haki.

Alilala muda mrefu. Nilikuwa nampepea kwa kipande cha katoni, mvua ya kwanza ikipiga mabati, na mchana usingizi ulinichukua palepale kwenye kiti. Ndotoni ziwa lilikuwa limejaa wodini mpaka kwenye vyuma vya vitanda. Stanislas alikuwa ameketi mwishoni mwa maji akishona upindo wa ziwa, mshono mdogo mdogo, ili maji yasifumuke. Ng'ambo walisimama ba Virginie wawili, wote na libaya la njano. Mimi sikujua nilikuwa yupi. Nilimwita aniambie, naye alikuwa na pini mdomoni.

Polepole akaamka. Alijifunza tena kushika kijiko, kisha kutembea akishika ukuta. Tukarudi nyumbani na mfuko wa dawa, na kila asubuhi, kabla hajala, nilimpa vidonge kwa mkono wangu. Mkojo wake ukawa mwekundu kwa dawa hizo, hata machozi yakaacha doa la chungwa kwenye mto. Na kila asubuhi nilimuuliza kuhusu maji, naye siku zile za mwanzo bado alinijibu.

"Yako ku mulango," alisema. Baadaye, akionyesha ukuta wa uani kwa kidole, "Yako ku lupango." Baadaye kidogo, akitazama mbali barabarani, "Yamebaki kiloko, kule."

Asubuhi moja nilisimama jikoni na vidonge kiganjani. Vilikuwa vidogo, rangi ya matofali. Niliwaza kwamba kila kimoja kinammeza yule mwanaume aliyenivusha uani nikiwa nimeinua kikwembe, na kwamba mimi mwenyewe ndiye ninayemlisha. Nilimpenda mwanaume yule. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda aliyenioa, na nilisimama pale nikalia. Kisha nikachota maji kwenye kikombe, nikampelekea. Alimeza vyote. Nilimwambia afungue mdomo nihakikishe.

Siku si nyingi baadaye alisukuma kikombe cha chai mbele kwa kidole.

"Mama Abigaïl," akasema, "sukari."

Majirani walikuja kunipongeza. Walisema sasa amekuwa yeye kabisa. Mama alikuja, na Stanislas akachuchumaa mbali, akapiga makofi mawili, macho chini, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mama alifurahi mpaka akafuta macho. Nilimuuliza Stanislas mara moja tu kama anakumbuka chochote cha siku zile. Alitikisa kichwa, akatia uzi kwenye sindano kwa mara ya kwanza bila kufunga jicho, akaanza kazi.

Jacaranda zilimwaga tena. Docteur Keren alimpima macho, alimtembeza, akasema dawa zimekwisha, asirudi tena isipokuwa kumsalimia. Nilivaa lile libaya la njano siku hiyo, refu upande mmoja.

Kalaba alikuja jioni. Tangu Jumapili ile hakuwahi kupita akipiga kelele zake, aliingia kwa kubisha hodi kama mgeni. Alikuwa na lile koti mkononi, limekunjwa.

"Fundi, nisamehe," akasema. "Nilichekelea ugonjwa yako. Nilidhani ni michezo. Unaweza kutoa hii mukono?"

Stanislas alilipokea. Aliutazama mkono wa tatu, akageuza bitana, akapitisha kidole kwenye mshono wake mwenyewe. Kalaba akaaga. Stanislas akachukua wembe, akaanza kufumua.

Niliketi na samaki wangu. Jua lilikuwa jekundu kwa vumbi, uani palikuwa na rangi ileile ya embe, na wembe ulikata uzi mmoja mmoja, tik, tik. Nilikuwa natazama kitu cha mwisho kilichobaki cha mwanaume yule kikifumuliwa, na sikuweza kunyamaza. Kunyamaza ni kazi yake, si yangu.

"Baba Abigaïl," nikasema, "liso yako imepona. Sasa uko naona ba Virginie ngapi?"

Aliinua kichwa. Alinitazama kwa macho yote mawili, yamenyooka.

"Moja," akasema.

Akarudi kwenye koti. Tik. Nilichukua samaki mwingine, nikamkata kichwa, nikamtupa kwenye beseni kwa nguvu zaidi kuliko alivyostahili. Basi, nikajiambia. Ilikuwa tibi. Ule mkono wa buluu ulikatika wote, ukaanguka kwenye magoti yake. Aliukunja vizuri, akaulaza pembeni, akatia uzi mpya kwenye sindano.

"Ule wa kushoto," akasema, bila kuinua macho.